Jina la Pili Kwenye Stika

Jumatatu, 14 Julai 2025

Nimepoteza picha mia nne na kumi na mbili za harusi ya Yasmin. Zimepotea jana Jumapili asubuhi, kwenye kompyuta yangu mwenyewe, macho yangu yakiona, kikombe cha chai mkononi. Naandika leo leo, kabla sijaanza kuambiwa kwamba nilikosea.

Sikukosea. Nianze mwanzo.

Duka langu hapa Msamvu lina kompyuta tatu. Zote zinatumia Mgeta, mfumo wa bure uliotengenezwa na vijana wa hapa hapa Morogoro, kila kitu Kiswahili. Mteja anakuja na laptopu yake, anasema nipigie window, yaani niiwekee mfumo. Nampigia Mgeta. Anaondoka anafurahi, wala hajui kwamba si Window. Nimewapigia mafundi cherehani, ofisi ya mashine ya kukoboa kule Dakawa, shule mbili za mlimani. Mimi niliyeanza na fotokopi moja chini ya mwavuli, mvua ikija nakumbatia mashine isilowe — leo mtu akiuliza mfumo mzuri upi, anaambiwa kamuulize Mwanahawa. Na hakuna aliyewahi kurudi analia.

Matoleo yao wanayapa majina ya mboga, kwa sababu Benedikto, mkubwa wa kikundi, ni mtoto wa wakulima wa Mgeta, kule mlimani jina la mfumo lilikotoka. La kwanza Kabichi. La pili Karoti, ndilo nililokuwa nalo. Jana nimefungua ukurasa wao: juu kabisa, herufi kubwa, NJEGERE 3. Chini yake, herufi za kawaida, Karoti 2. Sasa mtu mwenye akili timamu akiona mbili na tatu anachukua ipi? Nikachukua tatu. Ikaniuliza: nikutunzie mafaili yako? Nikabonyeza ndiyo. Ikasema sawa. Ikafuta.

Kadi ya kamera nilishaifuta Jumamosi, picha zikiwa tayari kwenye kompyuta. Kila mpiga picha anafanya hivyo.

Nimempigia Benedikto. Kwanza amecheka. Halafu: "Mtani, Njegere bado ipo shambani. Imetoa maua tu. Nani alikutuma ukachume?"

Nikamuuliza imeandikwa wapi kwamba ipo shambani. Akasema kuna jembe. Kweli, nimerudi kuangalia, kuna kijembe kwenye kona, kidogo kama chawa. Eti jembe maana yake bado inalimwa! Mimi nilidhani ni nembo yao.

Na hili ndilo linaloniuma zaidi. Tarehe mosi Agosti maonyesho ya wakulima ya Nane Nane yanafunguliwa. Kikundi kimepata meza. Watagawa flashi mia tatu zenye Karoti na Njegere ndani, mtu achague mwenyewe. Zitakwenda kwenye vyama vya ushirika, shule, zahanati za mlimani — kwa watu ambao wakifutiwa vitu vyao hawana wa kumpigia. Juu ya kila flashi itabandikwa stika yenye majina mawili. Na stika hizo nani anachapisha?

Mimi.

Jumanne, 15 Julai

Nimemwambia Yasmin. Anauza mitandio fremu ya pili kutoka kwangu, kwa hiyo hata pa kukimbilia sina.

Ameweka mtandio chini. Akauliza, hata ile ya mama mkwe anakanyaga gauni langu? Nikasema hata hiyo. Akasema alhamdulillah. Halafu akakumbuka zile nyingine, akaanza kulia. Nimekaa naye mpaka alasiri. Shangazi zake ameshawaahidi picha Ijumaa. Atawaambia kompyuta inaumwa. Sipendi, lakini sikuwa na la kumpa badala yake.

Jioni nafungua grupu la kikundi, nakuta Benedikto ametangaza msiba. Tumepokea kwa masikitiko taarifa za kufiwa kwa mtani wetu wa Msamvu, marehemu Diski ameacha Karoti na printa moja, watani tunauliza tunakuja kula lini.

Nimecheka, siwezi kudanganya kwenye kitabu changu mwenyewe. Yeye Mluguru, mimi Mnyamwezi niliyezaliwa Dakawa, tumetaniana tangu siku ya kwanza tuliyokutana. Kwa desturi anaruhusiwa kunicheka hata kaburini. Tatizo ndilo hilo hilo. Nikilalamika kwa mtu mwingine nimelalamika. Nikilalamika kwa Benedikto nimechekesha watu.

Alhamisi, 17 Julai

Editha amekuja na waya zake. Huyu ndiye anayeandika ile sehemu inayouliza nikutunzie mafaili. Si mtani wangu, kwa hiyo ameingia ameinamisha kichwa, akasema dada samahani, kosa ni la mkono wangu, nimeshalirekebisha jana. Nikapoa. Hicho tu ndicho nilichokuwa nataka, na imemchukua sentensi moja.

Kashinda hapa mpaka saa tisa. Ametoa picha tisini na sita kutoka kwenye diski. Nimezipanga:

Chakula — arobaini na moja. Viti kabla wageni hawajafika — ishirini na tatu. Migongo ya watu — kumi na tisa. Zinabaki kumi na tatu zenye Yasmin ndani, tano kati ya hizo amefumba macho.

Nane! Kwa harusi ya mtu mzima, na pilau ina arobaini na moja.

Editha kanieleza vizuri. Hiyo Njegere ya leo si ile ya jana, na ya kesho haitakuwa ya leo. Kila siku wanaongeza hiki, wanaharibu kile, wanatengeneza. Kosa la kufuta limekufa, lakini yapo mengine ambayo bado hawajakutana nayo. Ndivyo toleo linavyokua. Nikamuuliza, sasa kitu kinachobadilika kila siku kinaitwaje tatu, kama vile kimeshamalizika? Akaangalia sakafu. Akasema majina anatoa Benedikto.

Ijumaa, 18 Julai

Nimefanya kitu. Nimeweka karatasi kaunta, majina mawili kama yalivyo kwenye ukurasa: Karoti 2, Njegere 3, na kijembe chake. Kila aliyekuja kutoa kopi nimemuuliza: ungeweka ipi kwenye mashine yako ya kazi?

Watu ishirini na wawili. Kumi na tisa wamesema Njegere. Wawili Karoti. Mmoja ameuliza kama kuna mchicha.

Halafu nikawauliza jembe lina maana gani. Wengi wamesema kilimo. Wengine wamesema ni ya wakulima. Mzee mmoja akauliza mbona nyundo haipo, kama kwenye bendera ya chama. Aliyesema bado haijamalizika — sifuri.

Nimeweka matokeo kwenye grupu. Kumi na tisa kati ya ishirini na wawili wataweka kitu ambacho hakijakomaa kwenye mashine ya kazi, wakijua wamepata kipya. Benedikto kajibu: mtani ameendesha sensa, na mimi nihesabiwe. Vicheko vikashuka kama mvua ya masika. Hiyo kumi na tisa hakuna aliyeigusa.

Haya. Kama ni utani, nami ninao.

Jumapili, 20 Julai

Si walitaka kuja kula msibani? Nimewaita. Mama ametuma mpunga mpya kutoka Dakawa wiki hii, gunia lipo kibarazani, bado halijaenda mashineni. Wamekuja watatu: Benedikto, Editha na Fidelis, yule anayechora ukurasa wao, kijana mpole, haongei, anakula.

Nimetandika mkeka, nimewanawisha mikono. Nikaleta sinia limefunikwa kawa. Karibuni wali, nikasema, na uso wangu nimeukaza.

Benedikto kafunua. Mpunga na maganda yake, umelundikwa vizuri, kipande cha limau pembeni. Fidelis mkono wake ulikuwa umeshazama ndani.

"Mtani," Benedikto kasema, "huu ni mpunga."

"Nani kasema? Mimi nimeuita wali. Upo njiani, utafika."

"Nitavunjika meno."

"Kwani hukuona? Pembeni ya sinia nimeweka jembe."

Kweli nilikuwa nimeweka jembe, limeegemea ukuta. Editha kacheka mpaka kashika mbavu. Fidelis bado alikuwa anautazama ule mpunga kama anapima uwezekano.

Nimewaletea wali wenyewe na kuku wa nazi. Na hapo, tukila, Benedikto amezungumza bila kucheka, nadhani kwa mara ya kwanza. Lazima niandike alichosema, maana kina uzito.

Anasema mwaka juzi, Karoti ilipokuwa inakua, waliiita Majaribio. Jina safi, limeeleweka na kila mtu. Waliojaribu walikuwa wanne. Nchi nzima. Na watatu kati ya hao wanne walikuwa wamekaa mkekani kwangu. Ndiyo maana Karoti ilipotoka rasmi, printa zilikuwa zinageuza ukurasa juu chini — na nani alipiga kelele wiki nzima? Mimi. Kama ningejaribu mapema ningeliona, wangelirekebisha kabla. "Ukiliita jaribio, mtani, watu wanakimbia. Ukiliita njegere wanakuja."

Nimewaongezea mchuzi. Wanne ni idadi mbaya. Na mimi sikuwa mmojawapo.

Baadaye nikasema, wanakuja, sawa, lakini wanakuja kula mbichi. Wakija bila kujua hao si wajaribu, ni majeruhi.

Akarudi kwenye utani wake. Kwao mlimani, anasema, kabichi ni kabichi tangu mbegu, jina moja maisha yote. Ni nyie wa Dakawa mnaokaa na kitu kimoja mkakipa majina matatu, mpunga, mchele, wali, kwa sababu hamna kazi. Tumecheka wote. Wameondoka na kontena la wali. Uamuzi — hakuna.

Jumatatu, 21 Julai

Mteja kutoka Dumila, ana mashine ya kukamua alizeti. Kaiona Njegere kwa mwenzake, naye anaitaka. Nimempigia Karoti. Kanuna. Ananiambia dada unaninyima kipya, unawawekea ndugu zako.

Nimeeleza mpaka koo limekauka. Jina linaongea haraka kuliko mimi.

Jumatano, 23 Julai

Kisasi kimefika. Maria, dada yake Benedikto, anauza mboga sokoni, kaniletea boksi. Juu limeandikwa kwa maka peni: KABICHI — CHAKULA CHA MCHANA CHA MTANI. Ndani kuna miche. Majani matatu matatu, mizizi imefungwa na udongo wa kwao, mweusi, bado una baridi ya mlimani.

Nimecheka peke yangu dukani kama mwehu. Nikamkaribisha Maria chai.

Katika maongezi nikamuuliza, hivi nyumbani hii miche mnaiitaje, kabichi? Akanishangaa. Kabichi ipi dada, hii si ya kitaluni? Ndiyo, lakini mnaiitaje? Akaweka kikombe chini, akanieleza taratibu kama anamweleza mgeni wa mbali:

"Mama akisema nendeni kitaluni, tunabeba maji. Hakuna anayebeba kisu."

Nikamwambia kaka yako anasema kwenu kabichi ni kabichi tangu mbegu. Maria kacheka chai ikamtoka puani. Huyo, anasema, alipelekwa seminari angali mdogo. Kabichi anayoijua yeye ni ya kwenye sufuria.

Ameondoka, mimi nimebaki nimelishika boksi. Kitalu. Kila mkulima wa mkoa huu analijua hilo neno. Halitishi, maana kitaluni watu wanaingia, wanatazama, wanang'oa magugu, wanasema safari hii itakuwa nzuri. Lakini hakuna anayetoka huko na mboga ya kupika. Na halina namba. Miche inatoka kila msimu, kitalu kinabaki palepale. Kwa hiyo toleo linalokua liitwe Kitalu, leo na mwakani na miaka yote. Jina la Njegere litunzwe, lipewe toleo siku ile litakapokomaa.

Miche nimeipanda kwenye ndoo nyuma ya duka. Haina hatia.

Ijumaa, 25 Julai

Karatasi mpya kaunta. Karoti 2. Kitalu. Hakuna jembe. Swali lile lile.

Watu ishirini na wanne. Ishirini wamesema Karoti. Wanne wamesema Kitalu — na hao wanne nimewabana. Watatu wanataka kuona kinachokuja. Wa nne ana mashine kuukuu nyumbani, anasema hiyo hata ikiungua ni sadaka. Wote wanne walijua wanachochukua. Wote!

Sasa hesabu, maana Benedikto alinishinda kwa hesabu. Wanne katika ishirini na wanne ni mmoja kwa kila sita. Flashi mia tatu, gawa kwa sita: hamsini. Watu hamsini wanaojaribu kwa kupenda, macho wazi. Majaribio ilimpa wanne. Hata nikikosea nusu nzima, anabaki na ishirini na tano.

Nimemwandikia yote hayo. Amejibu: mtani ulianza na diski, sasa unataka kurithi mpaka kitalu cha mama yangu.

Dakika hiyo hiyo ameingiza mchoro wa stika. KAROTI 2. NJEGERE 3. Idadi mia tatu. Asante mtani.

Jumamosi, 26 Julai

Tumepiga upya picha za Yasmin. Gauni lile lile, hina imeshafifia, bwana harusi Yusuph amenyoa ndevu. Shangazi mmoja amelalamika kwamba kwenye picha mke ataonekana ameolewa na wawili. Yasmin amecheka leo kuliko siku ya harusi yenyewe. Mama mkwe kaja pia, gauni hakulikanyaga.

Nilipomaliza, Yasmin kanishika mkono: unaziweka kwenye ile ya karoti, siyo ile nyingine? Amesema kwa upole. Lakini amesema mbele ya watu, na watu wamesikia, na mmoja wao nilimpigia mfumo mimi mwenyewe mwezi wa tano. Nimeona anavyonitazama.

Nakala nimeweka tatu. Moja ipo kwenye sanduku la nguo.

Jumapili, 27 Julai

Editha amepiga simu. Yeye yupo upande wa Kitalu. Fidelis naye, kwa alivyomwelewa, maana aliitikia kwa kichwa. Lakini ukurasa upo mkononi mwa Benedikto, jina analibadilisha yeye.

Nikamuuliza, huyu mtu hesabu zangu amezisoma? Amezisoma, anasema. Anajua nipo sahihi. Tatizo ni meza. Mwaka jana walifika Nane Nane na Karoti mpya, watu wakajaa. Mwaka huu, ukiondoa jina la Njegere, mezani kuna Karoti ile ile ya mwaka jana na kitalu. Na kijijini kwao ameshatangaza, baada ya misa, kwamba wanakuja na kitu kipya. Wazee wamekodi gari waje kuona.

Kumbe. Mtu anacheka hivyo, na ndani anaogopa kusimama mbele ya wazee wake na meza tupu.

Nimemhurumia, kweli. Nimesimama barabarani na mashine moja, najua ilivyo mtu anapotazama ulichonacho kisha anaendelea na safari yake. Lakini huko mlimani flashi zitakapofika, ni nani atakayemhurumia yule wa huko?

Jumanne, 29 Julai

Asubuhi flashi zimeletwa. Maboksi sita yapo mezani kwangu. Karatasi ya stika nimeshaiweka kwenye printa, michoro nimetengeneza miwili. Mmoja wa Benedikto. Mwingine: KAROTI 2, kwa kazi. KITALU, bado inakua, njoo uitazame, usiiweke kwenye mashine ya kazi. Kuchapisha, kukata, kubandika mia tatu — nikianza kesho mchana nawahi Ijumaa. Baada ya hapo siwahi.

Mchana ameingia Mama Yustina, muuguzi wa zahanati ya juu kule mlimani, ameshuka kufuata dawa. Nimemwamkia shikamoo, nikampa kiti. Anakuja kila mwaka kutoa kopi za kadi za kliniki. Safari hii ana furaha: zahanati wamepewa kompyuta, ya kwanza, na watoto wote wa kliniki ameshawaingiza mwenyewe, kidole kimoja kimoja, tangu mwezi wa tatu. Uzito, chanjo, tarehe za kurudi. Kasikia Nane Nane kuna flashi za bure. Ataipata? Nikasema utaipata mama. Akasema vizuri, nitaweka hiyo mpya siku hiyo hiyo.

Nimemwambia asiweke mpya, aweke Karoti. Akanijibu ndiyo mwanangu, kwa ile sauti ya mtu anayekubali ili aondoke. Na akiondoka yeye, kuna wengine mia mbili tisini na tisa ambao hawatapita kwangu.

Nimemwandikia Benedikto, nikamtumia michoro yote miwili na habari za Mama Yustina. Amejibu: mtani, chapisha wali — yaani Njegere yake. Vicheko vitatu.

Mara nyingine zote hapo ningejibu utani kwa utani. Leo vidole vimekataa. Nimemwandikia tena, na nanakili hapa neno kwa neno:

*Benedikto. Utani nimeuweka pembeni mpaka hili liishe. Wazee wako wakija nitasimama mezani na wewe, nitawaonyesha kitalu mche kwa mche, na hawatakushangaa, wao ndio wenye hilo neno. Ninauliza jambo moja tu. Toleo ambalo halijakomaa linaitwaje kwenye stika, Njegere au Kitalu? Nataka jibu la neno moja, kesho saa sita mchana. Saa sita ikipita kimya, nachapisha Karoti peke yake na chini yake naacha peupe, na kila atakayeuliza pale ni pa nini nitamleta kwako.*

Nimefunga duka, nimeswali, nimepika. Hakuna kicheko hata kimoja kilichoingia. Editha kaniuliza umemwambia nini, mbona hapokei simu.

Saa moja usiku ujumbe wake umeingia:

*Dada Mwanahawa, naomba unipe hadi kesho jioni.*

Dada. Tangu nimjue huyu mtu hajawahi kuniita dada. Nimeitwa mtani, nimeitwa mjane wa printa, nimeitwa mla panya. Nimeusoma ujumbe mara tatu, na nusura nimwandikie sawa.

Nimejibu: *Saa sita mchana. Neno moja.*